Kiwiko cha fundi: shajara ya mkono wa kulia, 2024

Mimi ni seremala, karakana yangu iko Pasua, Moshi mjini. Nina miaka 53 na kazi zote nafanya kwa mkono wa kulia. Haya niliyaandika Jumapili baada ya ibada, kwenye kurasa za nyuma za daftari la hesabu za mbao. Nimeyanakili vizuri kwa sababu mafundi wawili wenye viwiko kama changu wameyaomba. Bei ni zile zilizotoka mfukoni mwangu, bima sina.

Vipimo nimeviandika kwa nyuzi, kunyooka kwanza, kukunja baadaye. Mkono ulionyooka kabisa ni 0, na kiwiko kizima hukunja hadi kama 145. Kwa hiyo ukiona 40 / 110, ujue mkono umebakiza nyuzi 40 kunyooka, na ukikunjwa unagota kwenye 110.

7 Januari: Mkono ulivyogoma

Krismasi tulipanda Kibosho kama kawaida. Asubuhi ya tarehe 24 napasua kuni za supu, shoka limeshuka, mkono haurudi. Kiwiko kimekwama katikati, hakikunjiki wala hakinyooki, kama droo iliyoingiwa na msumari. Nikautikisa, ukalia "tak", ukaachia. Shemeji yangu, aliyekuwa amemshika mbuzi miguu, akaniambia, "Shemeji, hiyo ni gauti. Nyama utaacha lini?" Mbuzi bado yuko mkononi mwake.

Kusema kweli tatizo halikuanza Krismasi. Mwaka 2011 nilidondoka kutoka kwenye kenchi nikipaua nyumba Njoro, nikavunjika karibu kabisa na kiwiko, nikakaa na hogo wiki saba. Lilipotolewa, mkono haukunyooka sawasawa tena. Hakuna aliyeniambia kuna mazoezi, nami sikuuliza, nilikuwa nadaiwa makabati ya watu. Miaka kumi na mitatu nimeranda mbao na mkono huo huo.

Nisichoweza leo: kufunga kifungo cha juu cha shati, kusugua shingo kwa sabuni, kupokea chenji kwa konda bila kugeuza mwili mzima, maana kiganja hakitazami juu. Asubuhi kiwiko ni kigumu kwa kama dakika ishirini, kikipata moto kinalegea, jioni kinavimba. Vidole viwili vya mwisho vinakufa ganzi usiku.

21 Januari: Picha, damu na jina la ugonjwa

Nilianza na zahanati ya karibu. Sikuvua hata koti. Nikaandikiwa sindano tatu za diklofenaki, dawa ya maumivu, 15,000, nikapata nafuu siku nne. Ya tano nikarudi palepale.

Safari ya pili nikaenda hospitali. Daktari akanivua shati, akakunja, akanyoosha, akageuza kiganja juu na chini, akabonyeza kila upande. Kumuona 10,000, picha 25,000, damu 28,000. Damu haikuonyesha gauti. Nilimpigia shemeji nikiwa bado kwenye benchi la kusubiri.

Picha ilijieleza yenyewe hata kwa mimi nisiyeisoma. Kiwiko ni mifupa mitatu inayokutana, na ncha zake zimevikwa gegedu, ile nyama nyeupe laini unayoiona ukivunja goti la kuku. Gegedu langu limesagika, nafasi kati ya mifupa imebana, na pembeni mfupa umeota vichongo. Ndani kuna kipande kidogo kinachoelea. Ndicho kilichokwama Krismasi.

Sisi huku kila jointi inayouma tunaiita baridi yabisi. Daktari akanitenganishia. Kuna ile ambayo kinga ya mwili inashambulia viungo vyenyewe, mara nyingi pande zote mbili, na ugumu wa asubuhi unapita saa nzima. Yangu ni ya kuchakaa, na kiwiko hakichakai hivi hivi kama goti. Mara nyingi ni mtu aliyewahi kuvunjika, au aliyefanya kazi nzito ya mikono miaka mingi. Mimi nina vyote viwili.

Nikauliza habari ya kuwekewa kiwiko cha bandia. Akaniuliza nanyanyua nini kazini. Nilipomwambia, akasema ukiwekewa hicho unakatazwa maisha yako yote kunyanyua zaidi ya kilo tano au chini ya hapo. Ubao mmoja wa mninga unapita hapo. Upasuaji mdogo wa kuondoa kipande na vichongo upo, ila tungojee: fiziotherapia kwanza miezi sita, na nihesabu mara ngapi kinakwama.

Presha yangu ilikuwa 150 kwa 95, hivyo akanikataza vidonge vya diklofenaki na ndugu zake. Nitumie panadol na diklofenaki ya kupaka. Dawa hizo 9,000.

28 Januari: Kutengeneza kipimo

Mtaalamu wa fiziotherapia ni binti wa rika la mwanangu wa pili. Ananiita baba, mimi namwita daktari. Alinipima: 40 / 110. Kisha akasema neno ambalo ningelisikia vizuri ningeokoa mwezi mzima: kazi nyingi za kila siku, kula, kunawa, kufungua mlango, zinafanyika kati ya nyuzi 30 na 130. "Baba, tunatafuta thelathini na mia thelathini. Sifuri hatuitafuti." Nikaitikia kwa kichwa. Moyoni nikasema, ubao uliopinda unanyooshwa.

Kipimo nilijitengenezea. Vipande viwili vya paini, urefu sentimita 30, upana 3, vimeunganishwa kwa bolti mwishoni, na juu ya bolti nimegundisha kipimapembe cha plastiki kutoka mkebe wa hesabu wa mwanangu. Mkebe 2,000, bolti na nati 500. Bolti inakaa juu ya kifundo cha mfupa upande wa nje wa kiwiko, kipande kimoja kinaelekea bega, kingine kinaelekea kiwiko cha... hapana, kinaelekea kifundo cha mkono upande wa gumba. (Hata mimi nilikosea hivyo siku ya kwanza.)

Siku tatu za mwanzo vipimo havikueleweka: 33, 45, 38. Nilidhani mkono unanichezea. Kumbe makosa yalikuwa matatu. Bolti ililegea na kipande kikawa kinashuka chenyewe, nikaweka washa, kile kipete cha chini ya nati. Nilipima na koti. Na bega lilikuwa linasogea mbele kuusaidia mkono uonekane umenyooka, yaani nilikuwa najidanganya bila kukusudia. Sasa nakaa kwenye kiti, taulo limekunjwa chini ya mkono wa juu, mama watoto ndiye anasoma, Jumapili asubuhi kabla ya maji ya moto. Kwenye ngozi tumeweka alama mbili kwa kalamu ili bolti irudi palepale.

11 Februari: Ndoo

46 / 101. Nimerudi nyuma kuliko nilipoanza.

Niliambiwa ninyooshe taratibu, mara tatu kwa siku. Nikaona ni mchezo wa watoto. Usiku nikalala chali, mkono ukining'inia nje ya kitanda, nimeshika ndoo yenye maji lita tatu, nusu saa. Kesho yake asubuhi nilisoma 36 nikataka kupiga vigelegele. Usiku wa pili lita nne. Wa tatu tano. Siku ya nne kiwiko kilikuwa kimejaa kama andazi, cha moto, na sikuweza kukunja mkono kufikisha kijiko mdomoni. Nililishwa mtori na mtoto wa miaka tisa aliyekuwa anafurahia sana.

Binti wa fiziotherapia hakunigombeza, na hilo ndilo liliuma. Alinieleza kwamba kiwiko hakipendi nguvu kushinda karibu viungo vyote. Ukikivuta kwa mabavu, misuli inakaza kujihami, mfuko unaozunguka jointi unavimba na kuwa mnene zaidi, na wakati mwingine mwili unaweza hata kuotesha mfupa mahali pasipostahili. Nyuzi nne nilizopata asubuhi ile zilikuwa za mkopo.

Akanipa kipimo kingine kisichohitaji chombo. Wakati wa zoezi, maumivu yasizidi nne kwa kumi. Na kesho asubuhi kiwiko kisiwe kibaya kuliko jana asubuhi. Kikiwa kibaya, jana ulizidisha, punguza nusu. Tangu siku hiyo nimeandika daftarini alama tu: S kwa sawa, Z kwa nilizidisha.

Uvimbe tulioutuliza kwa barafu. Friji hatuna, kwa hiyo nilinunua barafu za ubuyu dukani kwa mangi, 200 moja, mbili kwa siku, wiki nzima: 2,800. Unazifunga kwenye kanga, dakika kumi hadi kumi na tano, usiziweke moja kwa moja kwenye ngozi. Kanga ya mama watoto ina madoa mekundu hadi leo, na watoto walikuwa wanasubiri mlangoni dakika zangu ziishe.

3 Machi: Ratiba iliyobaki

41 / 109. Nimerudi nilipoanzia, wiki tano na 2,800 baadaye.

Ratiba yenyewe haina maajabu. Taulo lililochovywa maji ya moto ya chupa ya chai na kukamuliwa, dakika kumi na tano. Kisha kunyoosha na kukunja kwa kusaidiwa na mkono wa kushoto, unashikilia mwisho wa njia sekunde ishirini, mara kumi. Fimbo kwa mikono miwili, mkono mzima unamwongoza mgonjwa. Kukaza misuli bila kusogeza kiwiko, kwa kusukuma kiganja chini ya meza halafu juu ya meza. Bega na kifundo cha mkono navyo vifanyiwe, maana ndivyo vilivyokuwa vinabeba mzigo wa kiwiko miaka yote. Jumla dakika thelathini na tano asubuhi, kumi mchana, kumi jioni.

Zoezi ninalolipenda ni la nyundo, na hili nalieleza kwa kirefu kwa sababu limenirudishia kiganja. Kaa, kiwiko kikigusa mbavu, kimekunjwa pembe ya mraba. Shika mpini wa nyundo jirani kabisa na kichwa, kichwa kikiwa juu. Acha uzito wa chuma wenyewe uvute mkono hadi kiganja kitazame juu, usisaidie. Hesabu hadi ishirini. Rudisha katikati, kisha uache ulalie upande wa pili, kiganja chini. Mara nane kila upande. Kadiri ngumi inavyokuwa mbali na kichwa, ndivyo nyundo inavyovuta zaidi, kwa hiyo nimechora mistari ya penseli kwenye mpini, kila sentimita mbili, na nashuka mstari mmoja tu nikipata S saba mfululizo. Kiwiko kikibanduka kwenye mbavu umeshadanganya, bega ndilo linageuka. Nilianza mstari wa kwanza. Leo niko wa pili.

24 Machi, Jumapili ya Matawi: Chumvi ya moto

Tawi nimelipunga kwa mkono wa kushoto. Wa kulia una malengelenge mawili, moja kubwa kama sarafu ya mia mbili.

Maji ya moto yalikuwa yanapoa haraka, nikafuata ushauri wa jirani: chumvi ya mawe ikaangwe, itiwe kwenye soksi, ifungwe kwenye kiwiko. Joto linakaa kweli. Tatizo ni kwamba nilikuwa nimejichua dakika chache kabla na dawa ile ya kijani yenye kuwasha na kupoza. Ngozi ilikuwa haisikii sawasawa, na joto juu ya dawa ya kuchua linaunguza upesi. Nilisinzia. Dawa ya kidonda na bandeji 7,000, wiki mbili bila joto wala dawa ya kupaka upande huo.

Mpangilio wangu sasa: joto kwanza kwenye ngozi tupu, iliyooshwa, mazoezi, kisha ngozi ikishapoa ndipo diklofenaki ya kupaka. Soksi ya chumvi nimeiacha. Taulo naliweka ndani ya mfuko wa nailoni na kulizungushia taulo kavu, linakaa na joto dakika ishirini. Na kama kiwiko kimevimba na kina joto lake chenyewe, siongezi la nje, hapo ni barafu.

Niongeze hili hapa kwa sababu fundi mmoja alilipuuza kwenye goti: jointi ikiwa nyekundu, ya moto, inauma hata ukiigusa kidogo, na una homa, weka daftari chini uende hospitali siku hiyo hiyo. Hiyo inaweza kuwa usaha ndani.

21 Aprili: Vidonge vya mnadani

Naandika hili nikiwa na aibu. Baada ya Pasaka mvua zilinyesha mfululizo, kiwiko kikawa kinauma kama jino. Siku moja nikapita mnadani, mtu na kipaza sauti chake, "dawa ya mifupa, mgongo, magoti, nguvu za kiume". Vidonge vya kahawia kwenye kikopo kisicho na jina, 10,000.

Siku ya pili nilikuwa kijana. Nikapima: 34 / 118. Niliranda milango minne kwa wiki, nikala kama mchimba mtaro, sikulala usiku na sikujali. Mama watoto ndiye aliyesema, "Baba Joyce, mbona uso umekuwa wa duara?" Nikaenda kupima presha: 168 kwa 102.

Daktari (10,000) akaniambia dawa za namna hii zimewahi kukutwa zimechanganywa kimyakimya na steroidi, dawa kali ya kushusha uvimbe. Ndiyo maana zinafanya kazi haraka, na ndiyo maana uso unajaa na presha inapanda. Mimi nilikuwa nimezimeza siku kumi na tano, akanisimamia kuziacha. Lakini akanisisitizia hili: aliyezimeza miezi asiache ghafla peke yake, aende na kikopo chake kwa daktari, kwa sababu mwili unakuwa umesahau kutengeneza steroidi zake wenyewe na anaweza kuanguka.

Leo: 39 / 112. Milango minne imelipwa, kiwiko kimedai chake.

26 Mei: Kurekebisha karakana

36 / 116. Mstari wa nne kwenye nyundo.

Binti wa fiziotherapia alikuja karakana mara moja, kwa hiari yake, akitokea sokoni Mbuyuni. Alisimama mlangoni kama dakika kumi akinitazama nafanya kazi. Halafu akasema, "Baba, dakika hamsini na tano kwa siku unatengeneza, saa nane unabomoa."

Benchi langu lilikuwa la chini, la baba yangu aliyekuwa mfupi. Nikiranda, mkono unakwenda hadi mwisho wa kunyooka kila nikisukuma, na pale mwisho ndipo vichongo vya mfupa vinapogongana. Tumeinua miguu ya benchi kwa vipande vya mkongo vilivyobaki, sentimita 8. Nilianza na 12, bega likalalamika, nikapunguza. Sasa nasukuma kwa mwili, miguu ikitembea, kiwiko kikibaki kimekunjika kidogo.

Kuranda mbao nyingi napeleka mashine. Hili lilinigharimu kujivunia kwangu zaidi ya pesa, na pesa nazo ni kama 40,000 kwa mwezi. Randa ya mkono nabaki nayo kwa kumalizia tu. Mipini ya patasi na bisibisi nimeizungushia tyubu ya baiskeli hadi ijae kiganja (tyubu 3,000), maana mpini mwembamba unalazimisha ukamate kwa nguvu, na misuli ya kukamatia imejishikiza pale pale kwenye kiwiko. Grenda nimemwachia kijana, mtetemo wake ulikuwa unanipa Z kila mara. Mbao tunabeba wawili, viganja juu, ubao ukigusa kifua.

Nusu saa, kisha napumzika dakika tano na kukunjakunja mkono bila mzigo. Kijana wangu alidhani naumwa zaidi. Wateja wawili nao walidhani hivyo, mmoja akahamisha oda ya kitanda.

14 Julai: Baridi

39 / 112. Mlima hatujauona wiki mbili, wingu limekaa juu ya mji kama mfuniko. Asubuhi ugumu umefika dakika arobaini.

Nilinunua soksi ya kiwiko ya dukani, ile ya kubana, 12,000. Ilibana kweli: siku ya tatu vidole viwili vya mwisho vilikuwa na ganzi hadi mchana. Nikaivua. Dawa ya baridi niliipata Memorial kwenye mitumba: soksi ndefu ya mpira wa miguu, 1,000, nimekata sehemu ya vidole, naivaa kutoka kifundo hadi juu ya kiwiko. Inatunza joto bila kukaba. Ya bluu. Vijana wananiuliza nacheza namba ngapi.

Sikuongeza mazoezi kufidia, na hicho ndicho tofauti na Februari. Nilipunguza nusu, nikarefusha maji ya moto, nikasubiri.

1 Septemba: Ganzi, na sindano

35 / 118.

Ganzi ilinitisha kuliko maumivu, kwa sababu nilidondosha patasi mara mbili. Mshipa wa fahamu unaokwenda kidole cha pete na cha mwisho unapita nyuma ya kiwiko upande wa ndani, chini ya ngozi kabisa. Ndio ule unaokupiga shoti ukigonga kiwiko mlangoni. Kiwiko kikikunjwa sana unavutwa, na kwangu vichongo vinaubana pia. Nami nilikuwa nalala mkono umekunjwa chini ya shavu, nazungumza na simu nusu saa, na mchana naegemea ukingo wa benchi nikichora.

Marekebisho: usiku nazungusha taulo kwenye kiwiko na kulifunga kwa kitenge, silikazi, ili tu mkono usikunjike kupita nusu. Usiku wa kwanza na wa pili nililifungua usingizini. Wa tatu nikahamia upande wa kushoto wa kitanda, mkono wa kulia ukakosa mahali pa kujikunja, likakaa. Simu kwa mkono wa kushoto. Ukingo wa benchi umepata kipande cha godoro. Wiki tatu baadaye ganzi ya usiku imeisha, ya mchana inakuja mara moja moja. Daktari ameniambia vidole vikianza kukosa nguvu au nyama ya kiganja kupungua nisingoje miadi.

Tarehe 9 Agosti nilichomwa steroidi ndani ya jointi, 35,000 na kumuona daktari 10,000. Nikamkumbusha habari ya vidonge vya mnadani. Akacheka, akasema tofauti ni kwamba hii anajua ni nini, kiasi gani, na inakwenda wapi. Na hata hivyo haitarudiwa kila nikilia. Nafuu ilianza siku ya tatu. Safari hii sikuranda milango minne. Nilitumia muda huo kwenye nyundo, nikashuka mistari miwili.

10 Novemba: Hesabu hadi leo

31 / 124. Kiganja kinatazama juu, chenji napokea kama watu. Kifungo cha pili cha shati nafunga, cha juu bado anafunga mama watoto. Kukwama: mara tano kati ya Januari na Machi, mara mbili Aprili hadi Juni, mara moja tangu hapo. Daktari amesema upasuaji tuuache kwa sasa, tuonane Februari.

Pesa. Uchunguzi na dawa za mwanzo, pamoja na zile sindano za zahanati, 87,000. Fiziotherapia mara nane kwa 12,000 na nauli 2,000 kila safari, 112,000. Kipimo 2,500. Barafu 2,800. Kuungua 7,000. Vidonge na kutibu vidonge 20,000. Tyubu 3,000. Soksi mbili 13,000. Sindano ya Agosti 45,000. Dawa ya kupaka kila mwezi, miezi tisa, 36,000. Jumla 328,300. Mashine ya kuranda miezi sita ni 240,000 juu ya hapo, ingawa sehemu yake nimeanza kuiweka kwenye bei ya mteja. Katika zile 328,300, zilizotokana na ukaidi wangu na kukosa kuuliza ni 56,800. Kitanda kilichohama sijakiingiza.

Ratiba nimeipunguza hadi dakika ishirini asubuhi na kumi jioni. Wiki iliyopita nilipata Z moja, niliweka ubao wa mkongo juu ya gari peke yangu kwa sababu kijana alikwenda kununua vocha.

Desemba tunapanda Kibosho. Kuni nimeshalipia zipasuliwe kabla sijafika, 8,000. Shemeji ameridhia, ila amesema basi mwaka huu mbuzi nitamshika mimi. Nimemjibu nitamuuliza daktari kama mbuzi anahesabiwa chini ya kilo tano.